Asiye na Bima Alipwe?

Tarehe 20 Septemba 2017 kimbunga kilichoitwa Maria kilipiga kisiwa cha Puerto Rico. Kisiwa hicho kimo chini ya Marekani. Wakulima wake hulima migomba na kahawa, kama wenzetu wa Bukoba na Rungwe. Kwa siku moja migomba ililala chini. Idara ya kilimo ya huko ilikadiria kuwa asilimia 80 ya thamani ya mazao ilipotea. Maana yake, katika kila dola 100, dola 80 zilikwenda na upepo.

Mwaka 2018 Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 2.36 kuwasaidia wakulima waliopatwa na vimbunga na mioto ya mwaka 2017. Waliokuwa na bima walisaidiwa. Wasiokuwa na bima nao walisaidiwa.

Je, hiyo ni haki? Mwenye bima hutoa ada kila msimu, mvua ikinyesha isinyeshe. Jirani yake hatoi kitu. Maafa yakija, wote wawili wanapanga foleni moja. Kwa nini yule wa kwanza aendelee kutoa ada?

Mimi nasema asiye na bima alipwe. Watoto wake wana njaa ile ile. Tena, yako mazao ambayo huko hayauziwi bima. Mkulima wa zao kama hilo utamwitaje mzembe? Lakini asilipwe sawa na mwenzake.

Wamarekani walifanya hivyo. Tuseme shamba lilitazamiwa kutoa mali ya dola 100. Asiye na bima alihesabiwa 65 tu. Kama alivuna mali ya dola 50, alilipwa tofauti yake, yaani dola 15. Mwenye bima kubwa alihesabiwa mpaka 95, ila alichokwisha lipwa na bima kilitolewa. Tena aliyepokea msaada alitakiwa kukata bima kwa misimu miwili iliyofuata. Sharti hili nalipenda kuliko yote. Msaada bila sharti humfundisha mtu kungoja msaada mwingine.

Kwa mazao yasiyouziwa bima, serikali ya huko ina mpango wake tangu sheria ya mwaka 1994. Mkulima hulipa ada ndogo kabla ya msimu. Mkulima maskini husamehewa ada hiyo. Lakini hakuna anayesamehewa maandishi. Ni lazima aeleze amepanda nini, eneo gani, lini, na amevuna kiasi gani. Hapa ndipo wakulima wadogo hukwama popote duniani. Upepo ukishafagia shamba, nani atajua palikuwa na migomba mingapi? Ofisa hawezi kulipa kwa kukisia. Daftari la senti chache, lenye tarehe ya kupanda na hesabu ya magunia, ndilo shahidi wa mkulima. Wewe sasa unajua kuandika. Liandike lako, hata kama hapo kijijini hakuna bima wala malipo ya maafa.

Jambo moja katika mpango huo silikubali. Mkulima hupewa siku 15 tu za kutoa taarifa tangu hasara ionekane. Siku 15 zinatosha panapokuwa na barabara. Lakini baada ya kimbunga kama Maria, simu zimekatika, madaraja yamevunjika, na mtu bado anatafuta mabati ya kuezekea nyumba yake. Mtu kama huyo angepewa miezi miwili.