Damu Ifike Kabla ya Kisu

Mwaka 1879, huko Kahura katika Bunyoro, mmisionari Mwingereza Robert Felkin alishuhudia wenyeji wakimpasua mjamzito ili kumtoa mtoto. Pombe ya ndizi ilimlegeza mama, na hiyohiyo ikamwosha mpasuaji mikono. Msaidizi mmoja alishika miguu, mwingine tumbo. Chuma cha moto kilikuwepo, cha kuunguza mishipa inayovuja. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona.

Kisa hiki husimuliwa kama ajabu ya kale. Kwetu tunaofanya kazi Kampala, kina uzito mwingine: hatari ya damu ilifikiriwa kabla ngozi haijaguswa.

Leo tuna ganzi ya mgongo, na dawa za kuzuia damu kama oksitosini na asidi ya traneksamiki. Hata hivyo, utafiti wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa 2019 ulikuta takriban akina mama 5 wakifa katika kila 1,000 waliojifungua kwa upasuaji, karibu mara 50 ya nchi tajiri. Kutokwa damu na matatizo ya dawa za usingizi vilihusika sana. Hapa Uganda, katika utafiti uliochapishwa 2007, asilimia 6 tu ya wataalamu wa usingizi waliohojiwa walikuwa na vifaa vya kumlaza salama mama anayepasuliwa.

Mimba ikikomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Mfuko ukikataa kujikaza, gari la kufuata damu kwenye benki ya damu ya Nakasero na kurudi hospitali ya Kawempe kupitia foleni ya Bwaise halitawahi. Hakuna ustadi wa mikono unaofidia safari hiyo.

Tutaambiwa kwamba mama ambaye mfuko wake umechanika hawezi kusubiri maandalizi. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana maandalizi ni ya zamu, si ya mgonjwa. Zamu inapoanza, damu ya kundi O hasi iwe kwenye friji, mashine ya kufyonza ijaribiwe, na ijulikane nani atakamata njia ya hewa, nani ataita msaada, nani atahesabu damu iliyopotea. Mazoezi ya pamoja yafanyike, mkunga na daktari bingwa wakisimama meza moja, na mkunga awe na ruhusa ya kusema kwa sauti kwamba damu imezidi.

Agosti 2020 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba serikali ikishindwa kutoa huduma za msingi za uzazi inavunja katiba. Friji ya damu isiyo na damu tunaihesabu humo.