Damu Haivuti Waya

Mteja anashika bangili ya shaba, anaigeuza mara mbili, kisha anasifu: "Nyinyi Wakamba mmezaliwa na kazi hii." Kabla sifa haijapoa, anaomba apunguziwe. Wala hajipingi. Kazi ambayo mtu amezaliwa nayo haikumgharimu kitu kuijua, basi ya nini kuilipia?

Imani hiyo imeenea Kenya nzima, na Kitui na Makueni kwenyewe hutamkwa kwa fahari. Hata jina la Kitui hutolewa kuwa ushahidi, kwa kuwa huelezwa kwamba maana yake ni mahali panapofuliwa vyuma. Lakini wahunzi waliopaita hivyo hawakuwa wakisimulia habari za damu yao. Walitaja karakana.

Tazama mkufu wa waya, kazi iliyowapa mafundi wa Ukambani sifa zamani. Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyefika huko kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliandika kuhusu uhunzi wao katika kitabu chake cha mwaka 1920. Shaba yenyewe kwa sehemu kubwa ilitoka mbali. Misafara ya karne ya 19, enzi za kina Kivui wa Kitui aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, ilipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na waya.

Waya nene hupitishwa kwenye bamba la chuma lenye matundu, ikivutwa kwa koleo kutoka tundu pana hadi jembamba. Kila ikivutwa inakuwa ngumu zaidi, na baada ya matundu machache hukatika kama kijiti. Dawa yake ni moto: ipashwe mpaka iwe nyekundu ya kufifia, rangi isiyoonekana vizuri kwenye jua la mchana, ndiyo maana fundi mwenye akili hupashia kivulini. Ikishalainika inavutwa tena. Halafu inazungushwa kwenye kijiti cha chuma, inakatwa iwe vipete, na vipete vinaunganishwa kimoja kimoja.

Leo kuna kulehemu pia, na hapo ndipo mwanagenzi hulia. Ncha mbili zisipokutana sawasawa, lehemu haitaziba pengo. Shaba ya njano huyeyuka kwenye nyuzi 900 na kidogo za Selsiasi. Lehemu ya fedha hutiririka kwenye 700 na ushei. Kati ya kiungo kilichoshika na bangili iliyogeuka tone pana nafasi hiyo tu, na moto wa gesi huivuka kufumba na kufumbua. Ni babu yupi aliyemrithisha mjukuu wake nyuzi hizo tumboni mwa mama?

Ushahidi mkubwa zaidi dhidi ya imani hiyo uko Wamunyu, upande wa Machakos, karibu na Kitui. Ndiyo, Wakamba walichonga vigoda na vijiko tangu zamani. Lakini biashara ya vinyago inayohesabiwa leo kuwa "asili" yao ilianza na Mutisya Munge, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza na kurudi na ujuzi huo nyumbani. Wengine wakaketi wakajifunza. Kufikia 1963 wachongaji wa Kikamba waliokuwa Mombasa walikuwa na chama chao cha ushirika. Chini ya nusu karne, na ujuzi wa kuazima ukawa damu!

Imani hiyohiyo ndiyo husema dhahabu ni ya Wahindi. Kijana wa mji wa Wote, Makueni, anayetamani kuwa sonara huambiwa basi kwamba mikono yake ina kipaji cha shaba, ila kipaji hicho hukoma penye madini ghali.

Watetezi watasema uhunzi ulifuata ukoo. Ni kweli, lakini kilichofuata ukoo ni nafasi. Mtoto wa mhunzi aliketi karibu na mvukuto tangu utotoni, akaona makosa ya baba yake, akapewa vipande vya kuharibu bila kuchapwa. Mtoto wa jirani alifukuzwa. Lakini leo, huko Kibera, Nairobi, mafundi huyeyusha mifereji na kufuli kuukuu wakafua herini na bangili. Anayetaka kujifunza kwao huanza kwa kupiga msasa, awe wa kabila lolote.

Anayeumia zaidi ni mwanagenzi. Fundi anayeamini kipaji humtazama kijana akikata waya ya kumi na kuamua kwamba "hana mkono", wakati waya ya kumi ndiyo somo lenyewe. Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hupima mafundi kwa madaraja, kutoka la 3 kupanda hadi la 1, na katika kupanda huko hakuna anayeulizwa ukoo wake.

Kaunti zikiendelea kuamini hadithi ya damu, zitakodi mahema ya maonyesho na kualika wapiga picha. Vituo vya ufundi vya Kitui na Makueni vinahitaji vitu vya kawaida kabisa: meza imara, bamba la matundu, koleo, tupa, mtungi wa gesi, fundi anayelipwa kufundisha, na kilo kadhaa za waya ya kukatwa ovyo.