TAHARIRI: Gurudumu la ndege likigoma, mdogo aongee na mkubwa asikie

KILA mara video ya ndege inayotua huku cheche zikiruka chini ya tumbo inaposambaa mitandaoni, maoni ya vijana huwa ya aina mbili. Kuna wanaosema ni Mungu tu. Kuna wanaomvisha rubani taji la ushujaa na kuitisha apewe nishani kabla hata abiria hawajashuka. Hatuna neno na sala, wala hatuna kinyongo na marubani. Lakini kuna jambo la tatu ambalo video haionyeshi, na tunataka vijana walijue: historia ya hitilafu hizi inaonyesha kwamba watu hupona au hufa kulingana na kama aliye mdogo kwenye chumba cha marubani aliongea, na kama mkubwa alimsikia.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Ndege kubwa ya abiria ikishapaa, magurudumu hukunjwa ndani ili yasikabiliane na upepo. Wakati wa kutua, rubani hushusha kishikio kilicho mbele yake, na mafuta ya haidroliki, yanayofanya kazi kama yale yanayoinua bodi ya tipa, huyasukuma magurudumu nje. Kwa ndege nyingi, taa tatu za kijani huwaka: moja ya gurudumu la mbele na mbili za yale makubwa ya nyuma. Kijani tatu maana yake miguu imeshuka na kufunga. Zikiwaka mbili tu, kazi imeanza.

Na kazi ya kwanza ni kutokimbilia kutua. Ndege hupandishwa tena, ikazungushwa mahali salama. Rubani mmoja anabaki na jukumu moja tu la kuiendesha. Mwenzake anafungua kitabu cha maagizo ya dharura na kukisoma hatua kwa hatua: je, ni balbu imeungua? Je, kishikio kikirudishwa juu na kushushwa tena, magurudumu yatatii? Yakikataa, upo mtambo wa akiba unaofungua vifungo ili miguu ianguke kwa uzito wake yenyewe. Ikibidi, ndege hupitishwa chini karibu na mnara ili walio ardhini wachungulie na kueleza wanachokiona. Mafuta hupunguzwa ili ndege iwe nyepesi na moto usipate cha kula. Wahudumu huambiwa zimebaki dakika ngapi na milango ipi itatumika, abiria wakafundishwa namna ya kuinama, na magari ya zimamoto yakajipanga kando ya barabara ya ndege.

Kwa hivyo taa isipowaka si mwisho wa dunia. Muda huwa upo. Ajabu ni kwamba muda huo huo ndio uliowamaliza wengine.

Hebu tazama yaliyotokea Desemba 29, 1972. Ndege ya shirika la Eastern, aina ya Lockheed L-1011, ilikuwa ikikaribia Miami, Marekani, ikitoka New York. Taa ya gurudumu la mbele haikuwaka. Marubani walipanda hadi futi 2,000, wakauachia mtambo uiendeshe ndege, kisha wote wakazama katika kile kitaa. Huyu anakichomoa, yule anateremka kuchungulia gurudumu, mwingine anatoa ushauri. Hakuna aliyebaki kuangalia ndege inaelekea wapi. Mtambo wa kushikilia kimo ulikuwa umejitoa bila wao kugundua, na ndege ikawa inashuka polepole gizani.

Mwelekezi wa safari za ndege kule Miami aliona kwenye rada yake kimo kikisoma futi 900. Hakuwaambia hivyo. Aliwauliza tu mambo yanaendeleaje huko. Wakamjibu kwamba wangependa kugeuka na kurudi. Muda mfupi baadaye ndege iligonga kinamasi cha Everglades. Watu 101 kati ya 176 walifariki. Gurudumu lenyewe lilikuwa limeshuka sawasawa. Kilichokuwa kimeungua ni taa.

Miaka sita baadaye, Desemba 28, 1978, ndege ya United aina ya DC-8 ilikuwa inatua Portland, jimbo la Oregon, ikiwa na watu 189. Kutu ilikuwa imekula kipande cha mtambo wa gurudumu la kulia, kwa hivyo likaanguka kwa kishindo na kuharibu swichi ya taa yake. Rubani mkuu, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, aliamua kuzunguka ili wahudumu wawaandae abiria. Walizunguka takriban saa nzima. Wakati huo wote mafuta yalikuwa yanaisha, na wenzake wawili walikuwa wanaona. Waliyataja, naam. Lakini waliyataja kwa upole wa mtu anayeogopa kumkosea mkubwa. Mkubwa naye alikuwa amezama katika gurudumu. Injini zikazima moja baada ya nyingine, na ndege ikaanguka kwenye mtaa wa makazi kabla ya kuufikia uwanja. Watu 10 walikufa, mhandisi wa ndege akiwa mmoja wao.

Wachunguzi wa Marekani hawakumung'unya maneno. Walisema rubani mkuu alikosa kufuatilia mafuta na kuwasikiliza wenzake. Wakaongeza kwamba wenzake nao ama hawakutambua uzito wa hali, au walishindwa kuieleza ikaeleweka. Yaani lawama iligawanywa: kwa asiyesikia, na kwa asiyesema akaeleweka.

Hapo ndipo urubani ulipobadilika. Mwaka wa 1979 shirika la anga za juu la NASA liliitisha kongamano kuhusu makosa ya kibinadamu ndani ya ndege, na kufikia 1981 United ilikuwa imeanza kuwafundisha marubani wake kufanya kazi kama timu: mdogo kusema waziwazi, mkubwa kuuliza na kusikiliza, na kazi kugawanywa ili daima awepo mtu wa kuiangalia ndege. Leo rubani wa ndege ya abiria hawezi kuyakwepa mafunzo hayo, hata hapa Kenya.

Matunda yake? Septemba 21, 2005, ndege ya JetBlue aina ya Airbus A320 ilipaa Burbank, California, ikiwa na watu 146. Gurudumu la mbele lilikataa kukunjika. Ilipopita chini karibu na mnara wa Long Beach, walio ardhini waliona limegeuka upande, nyuzi 90. A320 haina njia ya kumwaga mafuta angani, kwa hivyo ilizunguka karibu saa tatu kuyachoma. Abiria na mizigo yao wakasogezwa nyuma ili pua iwe nyepesi. Ilipotua Los Angeles, rubani aliishikilia pua juu kadiri alivyoweza, gurudumu likawaka moto na kusagika kwenye lami, na ndege ikasimama katikati ya barabara. Hakuna aliyeumia. Ukiisoma safari hiyo vizuri utaona watu wengi wakipeana habari kwa utulivu: walio mnarani, marubani, wahudumu, zimamoto.

Hata kisa kinachopendwa zaidi na wapenda mashujaa kina upande wa pili. Novemba 1, 2011, rubani Tadeusz Wrona wa shirika la LOT alitua kwa tumbo mjini Warsaw, Poland, akiwa na watu 231 ndani ya Boeing 767. Wote walitoka wazima. Ilikuwa kazi safi sana, na sifa alistahili. Lakini wachunguzi walipoingia ndani waligundua swichi moja ya kukinga umeme ilikuwa imejikata. Walipoirudisha, mtambo wa akiba ukayashusha magurudumu. Hakuna aliyekuwa ameiona swichi hiyo kwa saa zote angani. Hatusemi haya kumshusha rubani hadhi. Tunasema kwamba hata bingwa ana jicho lisilofika kila mahali, na ndiyo maana anahitaji macho mengine yenye ruhusa ya kusema.

Na msidhani ugonjwa huu ulikwisha miaka ya sabini. Mei 22, 2020, ndege ya Pakistan aina ya A320 ilijaribu kutua Karachi magurudumu yakiwa yamekunjwa. Kengele za onyo zililia na hazikuzingatiwa. Injini zilikwaruza lami, kisha ndege ikapaa tena. Ripoti ya awali ya uchunguzi ilisema walio mnarani waliona mkwaruzo huo, lakini habari haikuwafikia marubani. Injini zilizoharibika zikazima na ndege ikaanguka mtaani. Kati ya watu 99 waliokuwemo, wawili pekee walinusurika.

Sasa mbona gazeti la vijana wa Kenya lijishughulishe na haya? Kwanza, ndege ni zetu pia. Oktoba 2019 ndege aina ya Dash 8 ilipoteza gurudumu ilipokuwa ikipaa Lodwar. Marubani waliielekeza Eldoret na ikatua salama. Wapo vijana wetu wanaosomea urubani na uhandisi wa ndege Embakasi na Wilson, ambao kesho watakaa kwenye viti hivyo.

Pili, na hapa ndipo penye uchungu, sisi tunalea watu wa kunyamaza. Tangu chekechea mtoto anaambiwa asijibizane na mkubwa. Mwanafunzi anayemsahihisha mwalimu ubaoni anaonekana mjeuri. Mwanagenzi wa gereji anaona nati haijakazwa, lakini fundi mkuu ameshasema gari liko sawa, basi anameza maneno. Muuguzi mgeni anaona kipimo cha dawa kimezidi na anajiuliza, mimi ni nani nimwambie daktari? Tukisafiri, dere anakanyaga mafuta kwenye kona, abiria 14 wametulia tuli kama maji ya mtungi, na atakayethubutu kusema anaambiwa, "Kama una haraka ya kuogopa, shuka utembee."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, na uzoefu wa wakubwa tunauheshimu. Lakini kule Portland aliyevunjika guu ni mkuu asiyesikia la mdogo, na hakuvunjika peke yake.

Kuna watakaosema tunachochea utovu wa nidhamu. La hasha. Ndani ya ndege rubani mkuu bado ndiye mwenye neno la mwisho, na hakuna kura inayopigwa hewani. Kinachotakiwa ni kwamba kabla hajalitoa neno hilo, awe amesikia kila kitu ambacho wenzake wanajua. Huko ni kumsaidia mkubwa, si kumvunjia heshima.

Tena tunao ushahidi wa hapa hapa nyumbani kwamba kuongea kunaokoa. Watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika vibandiko ndani ya matatu za masafa marefu, vikiwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya. Madai ya bima kutoka kwa magari hayo yalipungua kwa nusu au zaidi. Ndio mwanzo wa kampeni ya Zusha ambayo wengi wetu tumeiona kwenye vioo vya matatu. Kibandiko hakina breki wala usukani. Kilichofanya ni kumpa abiria ruhusa ya kufungua mdomo.

Basi kijana, jifunze pia namna ya kusema, manake kunong'ona hakutoshi. "Mafuta yanapungua pungua" ni sentensi iliyopotea hewani. "Mafuta yamebaki ya dakika 15, inatubidi tutue sasa" haiwezi kupotea. Taja ulichokiona, taja kiasi, sema unachopendekeza, na usipojibiwa rudia. Unaweza kuanza na "samahani mkubwa" na bado ukasema ukweli wote. Heshima ibaki kwenye sauti, ukweli ubaki kwenye maneno.

Na ninyi mnaoongoza, kuanzia gereji hadi wadi za hospitali, hili ni lenu zaidi. Mdogo hataongea mahali ambapo wa mwisho kuongea alichekwa au alifutwa. Tunaomba vyuo vya ufundi, vya uuguzi na vya udereva viliweke somo hili kwenye mazoezi, kama wanavyofanya wa ndege: mwanafunzi apewe kosa la makusudi la mwalimu wake, apimwe kama atalisema. Na kazini, kabla ya mkubwa kutoa uamuzi, aanze kwa kumuuliza aliye mdogo kuliko wote ameona nini. Akishajibu, amshukuru mbele ya watu, hata kama safari hii alikuwa amekosea.