Nani Achote Maji Mama Akisali?

Saa ya Makere na saa ya Dar es Salaam ni moja, lakini jua letu si moja. Kutoka pwani hadi huku nyanda za juu za Kigoma ni karibu nyuzi tisa za longitudo, na hiyo ni zaidi ya nusu saa ya mwanga. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Dar es Salaam kumekwisha pambazuka na daladala zimejaa. Huku kwetu bado mtu anapapasa ukuta, na miezi mingine jua linatoka saa moja imeshapita. Waislamu wa Kasulu na Kibondo wanalijua hili kuliko sisi wengine. Adhana ya magharibi ikisikika redioni kutoka Dar mwezi wa Ramadhani, aliyefunga Makere hagusi tende. Anasubiri jua la kwake.

Naanza na jua kwa sababu toleo hili linahusu muda wa sala na kusoma Neno kila siku, na ushauri mwingi tunaopewa juu ya jambo hilo umetungwa na watu wenye ratiba ya mahali pengine. Amka saa kumi alfajiri, anasema mhubiri. Jifungie chumbani, washa taa, soma sura tatu, andika kwenye daftari ulichojifunza. Ni ushauri mzuri kwa mwenye chumba, taa, daftari na mtu mwingine jikoni.

Tumtazame mama wa Makere mwezi Novemba, mvua zikiwa zimeshika na maharage yanataka kupandwa. Tangu Operesheni Kigoma iliyoanza mwaka 1972, serikali ilipowahamisha watu kutoka miji yao iliyotawanyika na kuwapanga vijijini, wengi wetu tunaishi kwa mistari kando ya barabara. Shule na zahanati zikasogea, mashamba ya wengi yakawa mbali. Kwa hiyo mama huyu anaamka gizani, anachukua dumu la lita ishirini lililozibwa kwa gunzi la hindi, anapanga foleni bombani. Akirudi anawasha moto kwa kuni za jana, anakoroga uji, anawatoa watoto kwenda shule, anafunga mtoto mgongoni, jembe begani, mbegu kwenye kapu, anaondoka. Jioni anarudi na mzigo wa kuni kichwani na ugali bado haujapikwa. Jumapili anaambiwa kwamba hana muda na Mungu kwa sababu hajajipanga.

Ninakataa. Kujipanga anakujua kuliko anayemhubiria. Anachokosa ni mikono ya pili. Muda wa sala katika nyumba nyingi za huku hauwezi kupatikana kwa mtu mmoja kuamka mapema zaidi. Unapatikana pale mwingine wa nyumba ile ile anapoamka na kubeba dumu.

Mgawanyo huu wa kazi una historia yake. Enzi za mkoloni Buha, nchi yetu Waha, ilikuwa ghala la vibarua. Wanaume walichukuliwa kwa mikataba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, manamba tuliowasikia kwa babu zetu, na nyuma yao wanawake wakabaki na jembe la mume juu ya chungu chao wenyewe. Mikataba ile ilikwisha zamani. Wanaume walirudi, ila zile kazi hazikurudi kwao. Leo mwanaume anaweza kusoma Zaburi barazani kwa utulivu kamili huku moshi wa jikoni ukimpita, kisha Jumapili akahubiri juu ya Martha aliyesumbuka na mambo mengi. Chai aliyokunywa kabla ya mahubiri nani aliipika? (Mtaniwia radhi, wachungaji.)

Wasiosadiki kwamba nyumba inaweza kugeuza kazi zake kwa ajili ya ibada waende kwa jirani zetu Waadventista siku ya Ijumaa. Hao ni wa zamani katika Buha, na hospitali yao ya Heri inajulikana na kila mgonjwa wa upande huu. Ijumaa ni siku ya maandalio. Tangu mchana nyumba nzima iko mbioni: mtoto wa kiume anachota maji ya siku mbili, mwingine anapiga pasi, kuni zinapangwa, chakula kinapikwa mapema. Jua likizama jembe limelala, wanakaa pamoja kufungua Sabato kwa wimbo na sala. Katikati ya juma wana lesoni, iliyogawanywa sehemu kwa kila siku, na kitabu cha Kesha la Asubuhi. Sidai kwamba kila nyumba yao inatimiza. Ninachosema ni kwamba pale sala ilipopewa saa, kazi zililazimishwa kuipisha, na zilipisha kwa sababu waliozibeba walikuwa wengi.

Hata katika uamsho wa Afrika Mashariki, ambao sisi wa mlengo wa kiinjili tunapenda kuutaja kama kipimo cha bidii, ukichunguza utaona jambo hilo hilo. Mwaka 1929 daktari Joe Church wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Kulikuwa na njaa kubwa Rwanda, na wagonjwa na wenye njaa walikuwa wamemmaliza. Huko Namirembe alikutana na Mkristo Mganda, Simeoni Nsibambi, na siku mbili wawili hao wakazipitisha katika Biblia, wakifuata aya moja hadi nyingine juu ya Roho Mtakatifu. Miaka sita baadaye Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi aliyekuwa mwalimu Gahini, aliacha shughuli zake kwa wiki nzima akajitenga kusali. Alifariki Januari 1936, na moto uliowaka Gahini ulishavuka mipaka. Tunasimulia habari hizi kana kwamba muda ule ulidondoka kutoka mbinguni. Daktari aliweza kukaa siku mbili Kampala kwa sababu hakuwa Gahini akifunga vidonda. Mwalimu anayejifungia wiki nzima, kuna mtu anayempikia na kuna mtu anayebaki na kazi zake. Wale hatujui majina yao, na hakuna anayewataja madhabahuni.

Kuhusu kusoma, nitasema kwa ufupi. Biblia ina sura 1,189. Anayetaka kuimaliza kwa mwaka lazima asome zaidi ya tatu kila siku, na wengi huanza Januari na Mwanzo, wakakwama Mambo ya Walawi mwezi Februari, wakabaki na hatia hadi Desemba. Sura moja kwa siku itakuchukua miaka mitatu na miezi mitatu, na hakuna anayekukimbiza. Sura hiyo isomwe kwa sauti baada ya chakula cha usiku, na asome mtoto wa shule ambaye macho yake bado mazima, ili bibi asiyejua kusoma naye apate. Tochi ya simu inatosha. Zile jumbe za Neno la Leo mnazotumiana kwenye simu tangu alfajiri sina ugomvi nazo, ila kumtumia mwenzako aya ambayo wewe mwenyewe hukuisoma sijui tuiite nini.

Kuhusu kusali pamoja, ndugu zetu Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, zilizopewa kipaumbele na maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza yao ya Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1970. Ni mpango wenye hekima kwa sababu unakwenda nyumbani kwa watu. Lakini pitia jumuiya yoyote siku ya kukutana uhesabu suruali.

Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyo jirani na Makere tangu 1996, walikimbilia kwanza Wakongo na baada ya 2015 Warundi wengi. Huko watu hudhani muda upo tele, kwa kuwa mkimbizi haruhusiwi kwenda mbali. Si kweli. Kungoja mgao na kungoja maji ni kazi, na huko pia foleni ina wanawake na wasichana wengi kuliko wanaume.

Baadhi yenu mtasema sala ni ya mtu na Mungu wake, haigawanywi kama zamu ya shamba. Sawa, sala haigawanywi. Dumu linagawanywa. Basi kabla hujafungua ukurasa unaofuata, wewe baba unayesoma neno hili, na wewe kijana wa kidato cha nne unayelala hadi uji uive, chukueni zamu ya maji ya alfajiri kwa mwezi mmoja na mmwachie mama nusu saa hiyo aitumie atakavyo, hata akiamua kulala. Kisha tuandikieni kilichobadilika nyumbani. Barua za akina mama zitatangulia kuchapishwa.