Mbona ninakula mara moja na kilo zinapanda?



Kwenye mkutano uliopita, mama mmoja wa kikundi chetu aliuliza swali lililotuchekesha kwanza, kisha likatunyamazisha. Alisema: «Mwalimu, mimi ninakula mara moja tu kwa siku, magaribi. Mbona kilo zinapanda, na kwenye kituo cha afya wameniambia presha nayo imepanda?»

Tukakaa naye kuhesabu. Asubuhi chai, vijiko vinne vya sukari. Saa nne sokoni, mandazi matatu. Saa saba, jua kali, sukre moja ya baridi. Saa kumi, chai tena. Magaribi, bukari na sombe inayoelea katika mawese. Kwake yeye, kula ni bukari. Vingine vyote ni «kudanganya njaa». Wengi wetu tunahesabu vivyo hivyo. Lakini mwili unahesabu vyote. Chupa ya sukre ya sentilita 33 inaweza kuwa na sukari gramu 35, yaani vijiko vya chai saba hivi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori karibu 120.

Kuna na jambo la pili. Mtoto akijikata mguu, pale kwenye jeraha panavimba, panakuwa pekundu, panakuwa moto. Ni askari wa mwili wamefika kupigana. Wakimaliza wanarudi, na jeraha linapona. Waganga wanaita hilo inflamasio, na ni jambo jema. Shida ni pale moto mdogo unapowaka ndani miezi na miaka bila kuzimika, na wewe husikii maumivu. Mafuta yakijaa tumboni hayakai kimya kama mzigo ndani ya gunia. Yanatuma ujumbe wa hatari katika damu, na askari wanakusanyika pasipo adui. Hapo insulini, ile inayofungulia sukari mlango wa kuingia mwilini, inafanya kazi vibaya. Mwili unaitoa kwa wingi zaidi, na insulini ikiwa nyingi, mafuta ya akiba hayatoki kwa urahisi. Hiyo ndiyo njia ya ugonjwa wa sukari na wa moyo.

Je, chakula kinaweza kupunguza moto huo? Mwaka 2025 waganga wa Tanzania na wa Uholanzi walitoa matokeo ya kazi waliyofanya mkoani Kilimanjaro na wanaume 77 wenye afya. Watu wa kijijini waliozoea mboga, ndizi na maharagi walipewa kwa majuma mawili vyakula vya kizungu, vya kiwandani na vyenye mafuta. Watu wa mjini nao walipewa chakula cha asili. Wale wa kwanza, alama za inflamasio zikapanda katika damu. Wale wa pili, zikashuka. Majuma manne baadaye, sehemu ya mabadiliko hayo ilikuwa bado inaonekana. Ni kweli walipimwa wanaume peke yao, na muda ni mfupi. Lakini somo linatufaa: majuma mawili tu!

Sisi wa Kindu tuna bahati. Sombe, lengalenga, maharagi, karanga, ndizi, samaki wa Lualaba: vyote viko sokoni. Tusidanganywe kununua unga wa kupunguza kilo. Tupunguze mawese katika sombe, tusiyaache. Tusikaange mara nyingi kwa mafuta yale yale. Sukari ya chai tuishushe kijiko kimoja kila juma. Na safari fupi tuende kwa miguu, pikipiki ibaki kwa ile ndefu.

Anayekunywa dawa ya presha au ya sukari asiiache bila kuuliza muganga. Na anayekonda bila sababu, hasa akikohoa, asifurahi. Aende apimwe haraka.

Sasa tuseme ukweli juu ya kikundi chetu. Kila mkutano tunatoa sukre na mandazi. Tukipendekeza maji yaliyochemshwa, karanga na ndizi mbivu, wengine wanasema ni aibu, mgeni atafikiri tumemnyima. Tunauliza: heshima gani hiyo ya kumpa mwenzetu kitu kinachomuumiza? Yule mama aliyeuliza swali alikuwa anakunywa sukre yake palepale, na ni sisi tuliyomfungulia.

Tutapiga kura juu ya jambo hilo kwenye mkutano ujao. Kabla ya hapo, kazi ya nyumbani: kwa siku saba, andika kila kitu kinachoingia kinywani, hata kile cha kudanganya njaa. Asiyejua kuandika, mtoto wake wa shule amsaidie. Njoo na karatasi yako. Sisi walimu tutasoma zetu kwanza.