ISS ikistaafu, Afrika itapitia mlango upi?

Tangu Novemba 2, 2000, haijapita siku bila binadamu kuwamo katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu (ISS), kinachoizunguka dunia umbali wa takriban kilomita 400. Marekani, Urusi, Kanada, Japani na mataifa ya Ulaya yalidumisha ushirikiano huo hata baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022. Septemba mwaka huo, Mmarekani Frank Rubio alipaa kwa chombo cha Kirusi, Soyuz.

Kilichowafunga pamoja ni lazima zaidi kuliko mapenzi. Sehemu ya Urusi hutegemea umeme wa Marekani, nayo Marekani imetegemea injini za Urusi kukiinua kituo kisishuke.

Manufaa yake ni ya kisayansi. Kituo na vilivyomo huanguka mfululizo kuizunguka dunia, hivyo uzito hauhisiki. Hewa ya moto haipandi wala chembe nzito hazitui chini. Hapo wataalamu huchunguza mifupa inavyodhoofika na vimiminika vinavyotenda, mambo ambayo ardhini hufichwa na nguvu ya uvutano.

Afrika Mashariki imefika huko kwa kubebwa. Mei 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kibo, maabara ya Japani iliyo ISS, kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa. Juni 2019, Umoja huo na China zilichagua majaribio tisa kwa ajili ya kituo cha China. Mojawapo, la Chuo Kikuu cha Machakos na cha Sapienza, Roma, lahusu upoozaji wa mitambo angani, nalo limepewa jina la Kiswahili: Baridi Sana.

Milango hiyo haina dhamana. Mpango wa NASA ni kuistaafisha ISS na kununua huduma katika vituo vya makampuni binafsi, ambayo hayatafuti urafiki bali faida. Sheria ya Marekani ya mwaka 2011 nayo huizuia NASA kushirikiana na China bila idhini maalumu. Anayekosa fedha aweza kujikuta akilazimika kuchagua upande.

Shirika la Anga la Afrika lilizinduliwa Cairo Aprili 2025. Kazi yake ya kwanza iwe kudai nafasi za majaribio kwa sauti moja, badala ya kila chuo kubisha hodi peke yake. Wahenga walionya: mtegemea cha nduguye hufa maskini.