Usiache mbachao: Tarakilishi mpya na rekodi zako za zamani

Ukiingia zahanati na kukuta tarakilishi mpya mezani, uliza swali moja kabla ya kushangilia: je, imeunganishwa na rekodi za zamani?

Nauliza kwa sababu majuzi nusura nimdhuru mgonjwa. Katika zahanati moja ninayohudumu hapa Gatongora, Ruiru, mama mmoja alinijia akikohoa. Nilifungua jina lake na kukuta mahali pa mzio pakiwa patupu. Nikamwandikia amoksilini.

"Daktari," akasema, "dawa hiyo si jamaa ya ile iliyonivimbisha uso nikiwa hapa hapa?"

Tuliwasha tarakilishi kuukuu iliyofunikwa kitambaa pembeni. Kando ya jina lake, karani alikuwa ameandika herufi moja tu: P. Yaani penisilini, na amoksilini ni ya ukoo huo. Fundi aliyeleta programu mpya alihamisha majina na umri. Ile P hakuielewa, akaiacha.

Hapo ndipo penye hatari. Daktari mwenye haraka huisoma nafasi tupu kuwa "hana mzio", ilhali maana yake ni "hatujui".

Kuunganisha kunawezekana. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye tarakilishi mwaka wa 2001. Kazi hiyo ilizaa mfumo wa AMPATH, ambao mwaka wa 2006 ulihamia OpenMRS, programu inayofunguliwa kama ukurasa wa intaneti.

Basi wewe mwenye zahanati, usizime hifadhidata ya zamani kabla programu mpya haijaweza kuisoma. Nambari ya zamani ya mgonjwa ibaki kando ya ile mpya. Fundi aketi na karani, maana karani ndiye kamusi ya herufi hizo. Wafanyie majaribio nakala, si rekodi zenyewe, kisha walinganishe na faili za karatasi. Na pasipo na habari, programu iandike "haijulikani".

Nawe mgonjwa, tunza kijitabu chako cha matibabu. Andika humo kila dawa iliyowahi kukudhuru, na umtajie daktari hata asipokuuliza. Mama yule aliokolewa na ulimi wake, wala si mitambo yetu.

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao.